Silinda Mbili za Ziada

Jumapili moja mwezi wa nne Baba alikuwa ameketi kwenye kochi langu hapa Donholm, kikombe cha chai mkononi, uso ameuelekeza dirishani. Mimi nilikuwa nimempa kisogo, nimeshika usukani wa mchezo wa kompyuta, niko kwenye msitu wa Ujerumani na Datsun 240Z. Nikafika kona inayoitwa Bergwerk, ya mkono wa kulia, nikaingia na mwendo mwingi kuliko nilivyokusudia. Moyo ukashtuka, mguu ukainuka. Nyuma ya gari ikachomoka, likazunguka mara moja na nusu, likajibamiza kwenye kingo za chuma. Kimya.

"Umeachia mafuta katikati ya kona," Baba akasema.

Hakuwa ameona chochote. Ana glakoma. Jicho la kushoto lilizimika zamani, na la kulia sasa linatambua mwanga wa dirisha na vivuli vya watu wanaopita mbele yake, basi. Nilidhani anawasikiliza watoto waliokuwa wakicheza mpira kwenye maegesho pale chini. Kumbe alikuwa ndani ya gari pamoja nami tangu mwanzo wa mzunguko.

Nikamuuliza amejuaje.

"Injini imenyamaza mahali ambapo haikufaa kunyamaza. Halafu ndipo matairi yakalia. Kama yangelia kwanza, ningesema ni spidi. Lakini imenyamaza kwanza. Ni mguu wako, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Amestaafu na anaishi nyumbani Machakos, lakini alikuwa fundi wa magari kwa zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza Grogan. Barabara ile ilibadilishwa jina ikawa Kirinyaga kabla sijazaliwa. Mafundi bado wanaiita Grogan.

Mimi sina gari. Naenda mjini kwa matatu, na jioni narudi kwa matatu, na kuna siku Jogoo Road inanila saa nzima nikiwa nimesimama. Kuendesha kwangu kuko hapa sebuleni. Usukani niliununua wa mitumba Luthuli Avenue, pamoja na pedali tatu na gia ya mkono. Meza nilichongewa Gikomba, ya mbao nzito, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ikitembea kila nilipokanyaga breki. Gia nimeifunga upande wa kushoto, palepale ingekuwa kwenye gari la Kenya, maana 240Z yangu ina usukani kulia.

Simuleta ninayotumia ni Assetto Corsa, iliyotengenezwa na Waitaliano wa Kunos Simulazioni na kukamilika mwaka 2014. Ni ya zamani sasa, na picha zake zimepitwa na nyingi zilizokuja baadaye. Naipenda kwa kinachofanyika nyuma ya picha. Kompyuta inapiga hesabu ya gari mara 333 kila sekunde: kila tairi limebebeshwa uzito kiasi gani, limepata joto kiasi gani, linashika lami au limeanza kuiachia. Jibu la hesabu hiyo linatumwa kwenye mota iliyo ndani ya usukani, na mota inavuta mikono yako. Tairi la mbele likikata tamaa, usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama kamba ya ndoo iliyokatikia kisimani. Gari lenyewe la 240Z halikutoka kwa Kunos. Limejengwa na mashabiki, watu waliokesha wakitafuta uzito wake, uwiano wa gia zake na urefu wa kila mkono unaoshikilia magurudumu, kisha wakaliweka mtandaoni ili mwingine aliendeshe. Nawashukuru kwa moyo wote, popote walipo.

Gari hili lilitangazwa Japani mwaka 1969, huko likiitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza Nissan kule Marekani, hakulitaka jina la Fairlady kwenye gari la kuuza kwa Wamarekani, ndiyo maana dunia ikalijua kwa namba: 240Z. Injini yake ni L24, silinda sita kwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, nguvu za farasi 151 kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule. Uzito ni kilo elfu moja na kidogo. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Hakuna kompyuta hata moja kati ya mguu wako na barabara. Na matairi yake, hili ndilo linalonishangaza hadi leo, yana upana wa milimita 175 kwenye rimu ya inchi 14. Chini ya dirisha langu kuna Vitz ya jirani inayopeleka watoto shuleni, na matairi yake hayapungui sana hapo.

Wengi ninaokutana nao kwenye mbio za mtandaoni huchagua Supra iliyoongezwa nguvu hadi farasi elfu, au magari ya kisasa ya mashindano ambayo breki zake zinajizuia zenyewe zisifunge. Nimeyajaribu hayo. Ni magari mazuri na yana kasi ya ajabu, lakini yananisamehe kabla sijajua nimekosa. Ukikanyaga breki kwa pupa, mashine inarekebisha. Ukifungua mafuta mapema, mashine inapunguza. Unamaliza mzunguko ukiwa na muda mzuri na hujui umefanya nini. Katika 240Z kila kosa linakurudia wewe mwenyewe, na linakurudia polepole kiasi cha kuliona likija. Farasi 151 wananitosha. Naamini wangewatosha wengi wakiwapa nafasi.

Baba hajawahi kufungua injini ya 240Z. Alizofungua, mara nyingi kupita hesabu, ni L16, injini za Datsun 1600 na 160B zilizojaa Nairobi alipokuwa kijana. Siku ile ya Bergwerk, baada ya chai ya pili, aliniuliza gari ni lipi. Nilipomtajia, alicheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

"Hiyo ni L. Ni L16 iliyoongezwa silinda mbili."

Nilitafuta baadaye nikakuta ni hivyo hasa, si kwa kukadiria. Tundu la silinda ya L16 lina kipenyo cha milimita 83, na pistoni inasafiri milimita 73.7. Nne hizo zinakupa 1,595. Tundu la L24 ni milimita 83, pistoni inasafiri milimita 73.7. Sita hizo ndizo 2,393. Pistoni ni zilezile, camshafti iko juu vilevile na inazungushwa na cheni. Nafasi za vali zinapimwa kwa namna ileile, na Baba anazitaja kama mtu anayetaja tarehe za kuzaliwa za watoto wake: nane ya kuingiza, kumi ya moshi, injini ikiwa baridi. Ni elfu za inchi hizo. Na tafadhali usimwambie kwamba 120Y nayo ni ukoo huo. 120Y ni injini ya vijiti vya kusukuma vali, atakwambia, na atakushika mkono mpaka ukubali.

Kwa hiyo alichokuwa akisikia siku ile kochini kilikuwa sauti ya ukoo anaoujua, silinda mbili zaidi.

Nilipaswa kukumbuka alivyolipata sikio lile. Nilikuwa na miaka tisa, Jumamosi, mama amekwenda harusini na mimi nimeachwa gereji. Kulikuwa na Datsun moja kuukuu ya SSS, ya mzee aliyeitunza kama ng'ombe wa maziwa. SSS ilikuwa na kabureta mbili, na kabureta mbili ni ugomvi: moja ikivuta hewa zaidi ya mwenzake, injini inatetemeka na mafuta yanapotea. Baba alikata kipande cha mpira wa maji, urefu kama mkono wangu. Ncha moja akaniweka sikioni, nyingine akaishikilia kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, injini ikizunguka taratibu. Nikasikia mluzi mwembamba, *ssss*, kama chai inayokaribia kuchemka. Akahamisha mpira kwenye kabureta ya nyuma. Mluzi ukawa mnene kidogo.

"Ipi inavuta zaidi?"

"Ya nyuma."

Akageuza skrubu robo, akarudisha mpira mbele, akarudisha nyuma, akageuza tena, chini ya robo. Hatukuongea. Ilichukua labda dakika kumi, mpaka nikawa siwezi kusema ni ipi. Hapo akautoa mpira sikioni mwangu, na injini nzima ikawa imetulia, glasi ya maji ingekaa juu ya kifuniko bila kumwagika. 240Z nayo ina kabureta mbili za aina hiyo, kila moja inalisha silinda tatu. Simuleta haina skrubu za kuzigeuza. Mashabiki walioijenga wamezilinganisha milele.

Mwaka 1973 Baba alikuwa na miaka 18, mwaka wa kwanza wa kushika spana. Pasaka ile alikwenda nyumbani, na usiku yeye na vijana wenzake walikaa kando ya barabara kungoja magari ya Safari Rally. Safari ya siku zile ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, vumbi kama hakuna mvua, na kama kuna mvua ni tope jeusi linaloshika gurudumu kama gundi. Anasema gari ulilisikia kabla hujaona mwanga wa taa juu ya kilima, na mchezo wao ulikuwa kukisia ni gari gani kabla halijatokea. Datsun walizitambua zote. Ila kulikuwa na Datsun mbili tofauti, na kuzitenganisha ndiko kulikoleta heshima.

"Ya nne inakohoa," anasema. "Ya sita inaimba."

Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria. Injini ya silinda nne hulipua mafuta mara mbili kila krankshafti, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka mara moja, ya sita hulipua mara tatu. Injini zote mbili zikizunguka kwa kasi sawa, sauti ya sita iko juu zaidi na milipuko yake imeshikana, hakuna pengo la kusikia kikohozi. Juu ya hapo, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hujituliza zenyewe: pistoni zinazokwenda juu na zinazoshuka zinafutana mtikisiko. Ndiyo maana inaimba.

Mwaka ule Safari ilikuwa imeingia kwenye mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, na ilimalizika kwa namna ambayo wazee wa gereji bado wanaisimulia. Shekhar Mehta na Lofty Drews kwenye 240Z, Harry Källström na Claes Billstam kwenye Datsun 1800 SSS, wakafika na adhabu za kuchelewa sawasawa. Sawasawa kabisa, baada ya njia yote hiyo. Ikabidi kuangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na Mehta akapewa ushindi. Fikiria ni nani walikuwa wamefungana: L24 na L18. Ya sita na ya nne, tumbo moja.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, familia yake ilipoteza mali na yeye akahamia Kenya. Kwa hiyo ushindi wa Pasaka ile ulikuja miezi michache tu baada ya mtu kuondolewa kwao. Baadaye alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, zote kwa Datsun, jumla mara tano. Miaka miwili kabla ya 1973, mwaka 1971, alikuwa wa pili kwenye 240Z nyuma ya 240Z nyingine, ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Gari lile la Herrmann, jekundu lenye boneti nyeusi, lipo hadi leo Zama, Japani, kwenye hifadhi ya Nissan. Nimetazama picha zake mara nyingi, mabonde kwenye bodi na yote. Mabonde yale ni ya barabara zetu.

Mimi 240Z halisi nimeiona mara moja tu, kwenye maonyesho ya magari pale uwanja wa mbio za farasi Ngong Road, imezungushiwa kamba, injini imezimwa. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni fupi kuliko nilivyodhani.

Turudi Bergwerk, maana pale ndipo nilipokwama kwa miezi.

Njia yenyewe ni Nordschleife, kilomita 20.8 za lami ndani ya milima ya Eifel. Kwa 240Z mzunguko mmoja unanichukua karibu dakika 10. Bergwerk iko bondeni, na ukitoka hapo barabara inapanda kwa kilomita kadhaa. Gari lenye farasi 500 halijali mlima. Gari lenye farasi 151 linajali sana: mwendo utakaotoka nao kwenye kona ndio utakaopanda nao, na kila kilomita moja kwa saa uliyoipoteza pale inakufuata mpaka juu. Nilijua hivyo, kwa hiyo niliingia na pupa. Nikiingia na pupa, katikati ya kona naogopa. Nikiogopa, mguu unainuka.

Na mguu ukiinuka hiki ndicho kinachotokea. Mafuta yakiwa wazi kidogo, uzito wa gari umekaa nyuma na matairi ya nyuma yamekandamizwa kwenye lami. Ukiachia ghafla, injini inageuka kuwa breki ya magurudumu ya nyuma peke yake, na uzito unakimbilia mbele. Matairi ya mbele yanapata nguvu ya kugeuza kwa wakati uleule ambao ya nyuma yanaipoteza. Gari linajikunja. Kwenye tairi la milimita 175 huna akiba ya kukuokoa. Dawa ni ile ambayo mwili wote unaikataa: mguu ubaki palepale, kidogo, bila kuongeza wala kupunguza, na mikono ifungue usukani.

Kwenye gari halisi makalio yako yangekupa habari mapema. Kiti kinateleza chini yako kabla macho hayajaona pua ya gari ikigeuka. Mimi kiti changu ni cha plastiki na hakiendi popote. Nilikuwa nimeziba pengo hilo kwa macho. Niliwasha kila kitu kwenye skrini: mshale wa mizunguko ya injini, rangi za matairi, mstari wa kuonyesha mahali pa kufunga breki. Sauti niliipunguza kwa ajili ya majirani. Nilikuwa naendesha gari la mwaka 1969 kama mtu anayejaza fomu. Na nyuma yangu kochini ameketi mtu asiye na macho, asiye na usukani, asiyewahi kuijua njia ile, na anajua kinachotokea kabla yangu.

Jambo la kwanza alilotaka ni kushika pedali. Alipiga magoti sakafuni, akazipapasa moja moja kwa vidole, akakanyaga kwa kiganja.

"Breki hii ni ya uongo. Inakwenda tu. Breki haiendi, breki inagoma."

Alikuwa sahihi. Pedali zangu zilipima umbali: sponji na springi, unakanyaga nusu ya njia unapata nusu ya breki. Breki ya gari halisi, inayosukumwa na mafuta ya breki, haifanyi hivyo. Inashuka kidogo tu, kisha inakuwa ngumu, na kutoka hapo unacheza na nguvu ya mguu. Misuli inakumbuka nguvu vizuri kuliko inavyokumbuka umbali. Akauliza kama kuna duka la spea karibu. Nilikwenda nikarudi na bushi mbili za mpira za stebilaiza, shilingi mia moja na hamsini. Tulifungua pedali juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na vumbi jingi kwenye kile kijigurudumu kinachosoma mkanyago, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya breki yangu iruke yenyewe siku nyingine. Tulikisafisha kwa pamba na spiriti. Baba akapunguza bushi moja kwa kisu, kwa kuhisi, akaipima kwenye springi, akapunguza tena ukucha mmoja. Tulipofunga, pedali ilishuka kama sentimita mbili halafu ikagoma. Akaikanyaga kwa mguu akiwa amekaa kwenye kiti changu.

"Ehe. Sasa ina mafuta."

Hapo akasema kitu ambacho sikukitarajia. Aliniomba nizime picha.

Simuleta huweka kumbukumbu ya mzunguko, unaweza kuurudia kama mkanda. Nilichagua mmoja wa juzi yake, nikafungua spika, nikazima skrini. Sebule ikabaki na mwanga wa jioni na sauti ya injini ya silinda sita. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Mbili," akasema, akihesabu gia. "Tatu. Hapa unakata huku na huku, kona nyingi ndogo. Tatu bado. Nne." Akanyamaza kidogo. "Sasa unateremka. Injini haina kazi, inapelekwa tu." Ilikuwa Fuchsröhre, mteremko mkali unaoishia kwenye shimo. "Breki. Tatu... hapo hujaipa mafuta."

"Wapi?"

"Uliposhuka gia. Umeachia klachi, injini iko chini, magurudumu yako juu. Yameivuta. Umesikia ule mkwaruzo wa tairi? Nyuma imefunga kidogo. Kule Grogan tungesema unakula klachi ya mwenyewe."

Najua namna inavyofanywa: kidole cha mguu kwenye breki, ubavu wa mguu huohuo unagusa mafuta kidogo wakati klachi iko chini, injini inapanda mpaka inalingana na gia inayokuja. Nilidhani naifanya. Skrini haikuwa imeniambia kwamba siifanyi.

Tukaendelea gizani. Alipokosea ni mara moja tu, alidhani nimeingia ya tano kumbe nilikuwa bado ya nne. Kisha akainua mkono. "Hapa ndipo. Ile kona yako." Tukasikia breki, tatu, mbili, sauti ikishuka kama mtu anayemeza mate, halafu pengo. Kipande kidogo cha ukimya, pengine theluthi ya sekunde. Mzunguko ule sikuwa nimeruka nje. Nilikuwa nimeuhesabu kuwa mzuri. Lakini pengo lilikuwepo. Na baada ya pengo, ikaja sauti ya injini ikianza mlima ikiwa imechoka tayari.

"Lori linalopanda mlima kutoka Mai Mahiu kuja Limuru," Baba akasema kwa huruma. Aliihurumia injini.

Tulirudia kipande kile labda mara nane. Kufikia ya tano nami nililisikia pengo likija, kama unavyosikia mtu atakayepiga chafya. Stima haikupotea jioni ile, namshukuru Mungu.

Alirudi Machakos Jumanne. Nilizima vitu vyote kwenye skrini, mshale, rangi, mstari, nikabaki na barabara na kioo cha mbele. Nilinunua spika za masikioni zilizofunika vizuri, nikapandisha sauti. Wiki mbili za kwanza muda wangu uliharibika kabisa. Breki mpya ilinifungia magurudumu kila mahali, na kusikiliza kunachosha kuliko nilivyojua. Baada ya mizunguko mitatu kichwa kinauma. Lakini nilianza kubadilisha gia bila kutazama chochote, kwa kusubiri sauti ifike mahali pake, na siku moja kwenye Hatzenbach, pale kona zinafuatana kama shanga, niligundua nimepita zote nikiwa sijawaza neno hata moja.

Kila nikipata mzunguko ninaouona unafaa, nairekodi sauti yake na kumtumia Baba kwenye WhatsApp. Dakika 10 za injini, bila maelezo. Mdogo wangu anamfungulia. Anasikiliza akiwa barazani, na jibu lake linakuja kwa sauti, kuku wakiwa nyuma. Majibu ni mafupi. "Ule mteremko uko vizuri. Ile kona, bado." "Leo umeipa mafuta kila gia. Ile kona, bado." Mara moja alinijibu kwa habari tofauti kabisa, kwamba L yoyote ikiwa baridi lazima vali zigonge kidogo, *tik tik tik*, na hii yangu haigongi, na huyo aliyeitengeneza angepaswa kuziweka. Nilikwenda kutafuta kama sauti ya namna hiyo inaweza kuongezwa. Bado natafuta.

Alhamisi iliyopita, saa nne usiku, niliingia Bergwerk polepole kuliko kawaida. Breki nilimaliza mapema, mbili ikaingia laini, mguu ukafungua mafuta nusu na ukakaa. Usukani ukawa mwepesi, nyuma ikaanza kusogea, mikono ikafungua yenyewe. Sauti haikukatika. Ilipanda polepole, uzi mmoja, mpaka kona ikaisha na mlima ukaanza na injini bado ina pumzi. Nilimtumia kabla hata sijavua spika masikioni.

Jibu lilifika asubuhi nikiwa kwenye matatu, pale mzunguko wa City Stadium. Nikaweka simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kidole. Kuku, ndoo ya maji, halafu Baba akasafisha koo.

"Hukuachia, mama," akasema. "Lakini nne umechelewa kuiingiza."